Washa ya Bomba Inastaafu Saa Kumi

“Tatizo lako, Fundi, unataka kitu chako kitumike.”

“Ni washa ya bomba, mama, kimpira cha kuzuia maji yasivuje. Niifanyie nini kingine? Niivae kidoleni?”

“Umeona? Hasira. Mtu mwenye hasira haelewi taratibu.”

Walianza kubishana saa tatu asubuhi, na sasa ilikuwa saa nne kasorobo. Mama Muhuri, Msajili wa Leseni katika Kitengo cha Ulinzi na Ukabidhi wa Uvumbuzi cha chuo kikuu, alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, miguu juu ya kibao kwa sababu sakafu ilikuwa na maji. Mbele yake alisimama fundi wa maabara ya maji, koti la kazi limefungwa vifungo vyote kama mtu anayekwenda kuposa. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Saa kumi jioni angestaafu, na kwa mujibu wa kanuni, washa yake nayo ingestaafu pamoja naye.

Hilo lisimshangaze mtu. Ilikuwa kanuni ya heshima kabisa. Uvumbuzi ambao haujapata leseni mpaka mwenyewe anastaafu hauachwi uzurure mitaani kama mtoto asiye na kwao. Unatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungiwa kwenye kabati la chuma katika chumba kinachoitwa Hifadhi ya Bunifu, na ufunguo unarudi kwa Mama Muhuri, ambaye huuvaa shingoni. Watu wa maabara walikiita chumba hicho makaburini. Watu wa maabara hawana adabu.

Kitengo kilikuwa na rekodi ya kujivunia. Kwa miaka kumi na miwili tangu kianzishwe, hakuna uvumbuzi hata mmoja wa chuo uliowahi kuibwa na kampuni yoyote. Wala hakuna hata mmoja uliowahi kukabidhiwa kampuni yoyote, lakini Mama Muhuri hakuona kama hayo ni mambo mawili. Mlango usiofunguliwa hauingiwi na mwizi. Na asubuhi hiyohiyo Naibu Mkuu wa Chuo alikuwa ametoa waraka unaotangaza kwamba chuo kimeingia rasmi katika Muongo wa Uvumbuzi Unaomfikia Mwananchi. Waraka ulibandikwa kwenye kila ukuta mkavu wa jengo, yaani kuta tatu.

Kuta nyingine zilikuwa zimelowa, maana mabomba ya chuo yalivuja. Kwa lugha ya ofisi hayakuvuja. Yalikuwa katika hali ya mtiririko usiokusudiwa. Iliundwa Kamati ya Ndoo, yenye mwenyekiti, katibu, na ratiba ya zamu za kumwaga maji. Kila korido ilikuwa na ndoo zake, kila ndoo ilikuwa na namba yake, na wageni waliokuja kutembelea chuo walisifia sana mpangilio.

Sasa, Fundi alikuwa ametumia miaka tisa kutengeneza washa ambayo haichakai. Alichukua mpira wa tyubu zilizochakaa, akaupika na vitu anavyovijua yeye, akaukandamiza mpaka ukawa kipande kidogo kama kifungo cha shati. Ukikitia ndani ya bomba, bomba linanyamaza. Halidondoshi hata tone. Alijaribu kwenye bomba moja la koridoni na likakaa kavu siku kumi na moja, mpaka Kamati ya Ndoo ilipoona ndoo namba thelathini na nne haijai, ikaripoti tukio.

Uchunguzi ukafanyika. Ikagundulika kwamba chuo kilikuwa kinatumia uvumbuzi wa chuo bila leseni ya chuo. Kisheria chuo kingeweza kujishtaki. Mama Muhuri aliandika barua kali, kwa mkono wake mwenyewe, kuagiza bomba lirudishwe katika hali yake ya awali. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kulifungua, aliitwa Fundi, akaja na spana yake, akarudisha kuvuja.

Barua hiyo Mama Muhuri aliipenda sana. Aliifanyia nakala kwa ajili ya kumbukumbu, na nyingine kwa ajili ya raha yake tu.

“Mnunuzi yupo,” Fundi alisema kwa mara ya nne. “Mama Mifuniko yupo hapo nje kwenye benchi. Ana mashine, ana kalibu ya chuma ya kukandamizia mpira, ameichonga mwenyewe. Anataka kuanza leo. Wewe unataka nini zaidi?”

“Nataka apite Fomu Namba Saba.”

“Hakuna aliyewahi kuipita.”

“Ndiyo maana ni fomu nzuri.”

Fomu Namba Saba ilikuwa kazi ya Mama Muhuri mwenyewe, na kama kuna kitu alichotaka kikumbukwe siku ya mazishi yake, ni hicho. Alikuwa na stashahada ya uendeshaji wa ofisi, na alifaulu vizuri, jambo ambalo watu walilijua kwa sababu aliwaambia. Sehemu ya Pili ya fomu ilimtaka mwombaji aeleze kwa undani uvumbuzi anaouomba, ili ionekane yuko makini. Sehemu ya Tatu ilimtaka aape kwamba haujui uvumbuzi huo, ili siri ya chuo isivuje. Mama Mifuniko, mwanamke wa karakana anayetengeneza mifuniko ya ndoo, alikwama hapo. Aliandika: *Ni washa ya bomba. Ninaijua, nimeishika.* Ikabidi akataliwe kwa kukosa uaminifu.

Hapo Fundi alifungua kifungo kimoja cha koti lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani.

“Hii ni nini?”

“Nakala ya barua niliyokuandikia. Hukunijibu.”

Mama Muhuri aliikumbuka. Hakuijibu kwa sababu haikuwa na namba ya kumbukumbu, na barua isiyo na namba ni sawa na mtu anayeingia nyumbani kwako bila kubisha hodi. Aliifungua, akaisoma kwa sauti ya chini.

*Naomba Kitengo kikubali kwamba Fomu Namba Saba ni upuuzi, na kwamba aliyeiandika ni mtu mwenye akili zake ambaye siku hiyo mambo yalimwendea vibaya.*

“Angalia muhuri wa kupokelewa,” Fundi alisema. “Halafu angalia kifungu chako cha mwisho.”

Hapa inabidi msomaji aelezwe habari za nyumbani kwa Mama Muhuri. Alilea watoto wanne kwa sheria moja tu. Anauliza mara moja, nani ataosha vyombo? Anayekaa kimya ndiye aliyekubali. Hakukuwa na rufaa. Kitindamimba wake aliwahi kuosha vyombo wiki nzima kwa kosa la kuwa anatafuna wakati swali linaulizwa. Sheria hiyo ilileta amani ndani ya nyumba kiasi kwamba Mama Muhuri, alipoandika Fomu Namba Saba, aliiingiza kama kifungu cha mwisho: *Mvumbuzi asiyejibu barua ya Kitengo ndani ya siku tisini atahesabiwa kwamba amekubali.*

Ilikuwa sentensi fupi, na hilo ndilo lililomkera Naibu Mkuu wa Chuo. Alisema haina uzito wa kitaasisi. Akachukua kalamu yake ya wino wa kijani, akaiandika upya: *Upande wowote utakaokaa kimya kuhusu barua yoyote iliyopokelewa rasmi, kwa siku tisini mfululizo, utahesabiwa umeridhia kila kilichoombwa ndani yake.* Akatia saini. Halafu akakata utepe, kwa sababu Naibu Mkuu wa Chuo hakuwahi kuzindua kitu bila kukata utepe. Watu walimwita Bwana Utepe, si mbele yake, na mkasi aliuweka kwenye droo ya kwanza, mahali ambapo wengine huweka kalamu.

Mama Muhuri alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Akahesabu tena kwa kurudi nyuma, kwa matumaini kwamba njia ya kurudi ingekuwa fupi. Siku mia moja na mbili.

Angeweza kukana. Angeweza kusema kifungu hakihusu barua za namna hiyo. Lakini aliwafikiria wale wanne nyumbani, wakubwa sasa, wenye ndevu na kazi zao, ambao wangeipata habari kabla ya jioni. Watoto wana pua. Miaka ishirini ya vyombo ingedaiwa kwa siku moja.

“Kwa hiyo nimekubali,” alisema.

“Umekubali.”

“Kwamba fomu ni upuuzi.”

“Na ile sehemu ya pili.”

“Kwamba siku hiyo mambo yaliniendea vibaya.” Alivuta kidau cha wino karibu. “Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa naiandikia jikoni. Sufuria iliungua.”

“Ilijionyesha,” Fundi alisema, kwa upole wa mtu anayempa pole mfiwa.

Mama Muhuri aliandika pembeni mwa barua: *Imekubaliwa*, akaweka tarehe, akapiga muhuri. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili kwa muhuri ule kutua juu ya neno hilo, na wino ulitoka hafifu kama mtu anayeongea baada ya kuugua koo.

Lakini washa haikusaidika. Upuuzi uliokubaliwa bado ni kanuni mpaka ufutwe, na wa kuufuta ni Baraza la Chuo, ambalo hukutana pale linapokumbuka. Fundi alifunga kifungo chake. Akasema basi, amefanya alichoweza, aende akakusanye vikombe vyake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyezoea kurudisha kuvuja.

Alipofika mlangoni, Mama Muhuri akamwita.

“Huyo wa mifuniko. Alileta fomu tu, au aliandika na barua?”

“Aliandika. Ulipomkataa wewe, akamwandikia Bwana Utepe moja kwa moja, kuomba leseni bila fomu.”

“Akajibiwa?”

Fundi alimwangalia. Kuna maswali ambayo mtu mzima hajibu, anasubiri tu aliyeuliza ajisikie vibaya.

Mama Muhuri alivaa viatu. Akachukua muhuri, kidau cha wino, Fomu Namba Saba yenyewe yenye saini, na fomu ya leseni ambayo haikuwahi kutumika, imekuwa ya manjano kingoni. Koridoni Mama Mifuniko alikuwa amekaa kwenye benchi na miguu amekunja juu, kalibu yake ya chuma mapajani imefungwa kitambaa kama mtoto aliyelala.

“Mwenzangu,” Mama Muhuri alimwambia, “simama twende. Ulipoandika kwenye fomu kwamba umeishika hiyo washa, ulikuwa unasema kweli?”

“Kweli tupu.”

“Ilitugharimu sana hiyo kweli. Leo ukiulizwa lolote, niachie mimi.”

Ofisi ya Naibu Mkuu wa Chuo ilikuwa ghorofa ya juu, na ilikuwa na zulia. Ilikuwa pia na sinki lake binafsi kwenye kona, na chini ya sinki ndoo namba moja, ya bluu, ambayo ilikuwa imejaa karibu na ukingo. Tone, kimya, tone. Juu ya meza kulikuwa na trei ya mbao yenye maandishi YANAYOFANYIWA KAZI. Barua zilikuwa zimepanda ndani yake mpaka zikaegemea ukuta.

Mwenye ofisi aliwapokea wote watatu, Fundi akiwa wa mwisho, kwa tabasamu la Muongo wa Uvumbuzi. Mama Muhuri alimweleza shida kwa ufupi: kuna washa, kuna mwenye karakana, kuna saa kumi jioni. Naibu Mkuu wa Chuo alisikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akasema kwamba suala hilo ni la kimkakati. Kifaa Zuizi cha Mtiririko Usiokusudiwa, alisema, hakiwezi kukabidhiwa kwa mtu wa mifuniko. Kinasubiri mshirika wa hadhi, mwenye jengo la vioo, ambaye uzinduzi wake utakuwa na jukwaa.

“Mshirika gani huyo, Mheshimiwa?”

“Atajitokeza.”

“Na washa ikilala kabatini?”

“Italala kwa usalama.”

Mama Muhuri aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, na hayakuwa mazuri kama alivyodhani. Ilikuwa kama kuona nguo yako imevaliwa na jirani.

Akamuuliza kama alijibu barua ya Mama Mifuniko. Akajibiwa kwamba barua hiyo inafanyiwa kazi. Basi akamgeukia Katibu Muhtasi, mwanamke mtaratibu aliyekaa karibu na mlango na ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuzigonga muhuri wa tarehe na kuziweka kwenye trei, kisha kuziangalia. Katibu Muhtasi hakuambiwa mara mbili. Alifungua daftari la kupokelea barua kwenye ukurasa uliokwisha kuwekwa alama ya karatasi.

“Leo siku ya tisini na nne,” alisema. “Nimekuwa nikihesabu.”

Mama Muhuri alikisoma kifungu cha mwisho cha Fomu Namba Saba kwa sauti, polepole, bila kuongeza kitu. *Upande wowote. Barua yoyote. Umeridhia kila kilichoombwa.* Naibu Mkuu wa Chuo aliuliza ni mpumbavu gani aliyeandika sentensi hiyo. Mama Muhuri aligeuza karatasi, akamwonyesha wino wa kijani.

“Mimi niliandika ile fupi,” alisema. “Yangu ilikuwa inamkamata Fundi peke yake. Wewe, Mheshimiwa, ulitujumuisha sote.”

“Hiyo haikuwa nia ya kifungu.”

“Hata ya kwangu haikuwa hii. Asubuhi hii kimenikamata mimi kwanza, na nimekubali. Uliza watu. Mimi ni mpuuzi kwa maandishi.”

Akaweka fomu ya leseni juu ya meza. Naibu Mkuu wa Chuo alisimama. Alisema, kwa sauti ya waraka, kwamba muhuri huo ukitua, kesho Mama Muhuri atahamishiwa Kamati ya Ndoo.

Mama Muhuri alilitafakari. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na alikijua vizuri chumba cha Kamati ya Ndoo. Kilikuwa hakina dirisha.

“Baada ya leo haitakuwa na kazi, Mheshimiwa,” alisema, na akapiga muhuri.

Safari hii wino ulikoza. Mama Mifuniko aliivuta karatasi kabla haijakauka, akaipuliza, akaikunja, akaitia kifuani. Fundi hakusubiri kuambiwa. Alitoa spana mfukoni, akapiga magoti kwenye zulia, akafunga maji, akafungua bomba la sinki, akatoa washa kutoka mfuko wa shati, akaitia, akakaza. Hakuchukua hata dakika tatu kumaliza kazi ya miaka tisa. Kisha akakaa chini hapohapo, mgongo ukutani, akasikiliza.

Tone la mwisho lilining'inia kwenye mdomo wa bomba, likafikiri, likaanguka. Halikufuatwa na lingine.

Ulikuwa ukimya ambao jengo lile halikuwahi kuusikia. Ndani yake ilisikika vizuri sana sauti ya Katibu Muhtasi akiiburuta ile trei ya mbao kutoka ukutani mpaka katikati ya meza.

“Na hizi je?” aliuliza. “Hakuna hata moja iliyo chini ya siku tisini. Ya zamani kabisa ni yangu. Naomba kiti ambacho miguu yake yote minne ni sawa. Ina miaka mitano.”

Mama Muhuri aliipokea, akaisoma, akaiweka mbele yake. Akachukua ya pili. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, akiomba kibao cha kuwekea miguu. Alikwisha kukitengeneza nyumbani kwa mbao za kitanda kibovu. Akaiweka kando kwa aibu kidogo. Ya tatu ilitoka Kamati ya Ndoo. Aliisoma mara mbili, kisha akamtazama Naibu Mkuu wa Chuo, kisha kalenda.

“Kamati inaomba, kwa heshima na taadhima, nawe uingizwe kwenye ratiba ya kumwaga maji. Wanapendekeza Jumatano.” Akalowesha muhuri kwenye kidau. “Una pingamizi, Mheshimiwa?”

Naibu Mkuu wa Chuo alifungua mdomo. Alimtazama Katibu Muhtasi, ambaye alikuwa anaangalia kiti chake. Alilitazama bomba, kama vile lingemsaidia hata kwa tone moja. Akavuta droo ya kwanza, akaona mkasi, akairudisha. Maisha yake yote ya kazi alikuwa hajawahi kujibu swali siku lilipoulizwa, na hakujua mtu anaanzia wapi.

Mama Muhuri ni mtu wa haki. Alimpa sekunde tisini, akizihesabu kwa saa ya ukutani, moja kwa kila siku, kama alivyokuwa akiwapa wanawe walipokuwa na chakula mdomoni.

Muhuri ukashuka.

“Leo Jumatano,” alisema, na akaivuta ndoo namba moja kutoka chini ya sinki mpaka kwenye viatu vya Naibu Mkuu wa Chuo vilivyong'arishwa. Katibu Muhtasi akanyanyuka kumfungulia mlango, maana ndoo ilikuwa imejaa na ilitaka mikono miwili.